Bwawa lililotelekezwa: anza na tope, maji baadaye

Agosti iliyopita mama mmoja wa nje kidogo ya mji wa Tukuyu aliniita nyumbani kwake. "Mwanangu, samaki wangu wamegoma kukua." Bwawa lenyewe ni la mita 10 kwa 15, lilichimbwa na marehemu mumewe, na lilikuwa na miaka mitatu bila kuguswa. Nilichovya mti katikati ukazama hadi karibu na goti, ukatoka na tope jeusi linalonuka yai viza.

Harufu hiyo ndiyo habari yote. Majani ya migomba, kinyesi na pumba zisizoliwa vimeoza chini bila hewa. Tope la namna hiyo hunyonya hewa ya maji, ndiyo maana alfajiri samaki wake walikuwa juu wakitweta. Kubadilisha maji hakusaidii: ukijaza mapya juu ya tope lile lile, umepata wiki mbili za kujidanganya.

Tulivuta kokoro (wavu wa kukokota) kwanza, kisha tukafungua bomba la chini. Perege walikuwa mamia, majike wa urefu wa kidole wakiwa tayari na mayai mdomoni. Perege akibanana na wenzake huacha kukua, lakini kuzaa haachi. Wale wadogo tusiwarudishe, nilimwambia, waende jikoni. Akakubali shingo upande.

Tope tulilichota kwa chepe na ndoo siku mbili, likaenda kwenye migomba yake. Tuliacha kama sentimita 10 tu. Baada ya hapo ni jua. Iringa wiki mbili hutosha. Tukuyu mvua hudondoka hata kiangazi, tukasubiri tatu, hadi chini pakapasuka nyufa na mguu hauzami. Usiharakishe hapa. Jua huua vimelea na mayai, na hewa huingia kwenye nyufa kumalizia uozo. Vidimbwi vikaushe kabisa, maana kambale hujificha topeni na perege wadogo hukaa kwenye maji ya kufunika kisigino, kisha kila kitu kinaanza upya.

Udongo wetu unaopigwa na mvua nyingi una asidi, kwa hiyo tulimwaga chokaa ya kilimo, kilo 15 kwa kila mita 100 za mraba, hadi kwenye kuta. Wiki moja baadaye tukaweka samadi ya ng'ombe iliyokauka, ndipo maji.

Kilichonisumbua zaidi ni mfereji. Kwa miaka yote aliuacha upite bwawani usiku na mchana, akiamini maji yanayotembea ndiyo safi. Maji yanayoshuka Mlima Rungwe ni baridi, na perege hukua vizuri kwenye nyuzi joto 25 hadi 30. Isitoshe, mkondo huondoka na mbolea na ule ukijani wa maji ambao ndio chakula cha perege. Tuliufunga, sasa hufunguliwa kufidia tu kilichopungua.

Siku ya kumi maji yalikuwa ya kijani. Nikamwonyesha kipimo: zamisha mkono wima, kiganja kikipotea machoni maji yakifika kwenye kiwiko, bwawa liko tayari. Oktoba, baridi ilipokwisha, tulipandikiza vifaranga 300 wa dume tupu, wawili kwa kila mita ya mraba.