Huduma ya baada ya kujifungua katika jamii: maana yake

Huduma ya baada ya kujifungua katika jamii ni uangalizi unaomfuata mzazi na kichanga chake nyumbani, badala ya kungoja waende kituoni. Uganda, anayebisha hodi mara nyingi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Mpango wa wahudumu hao ulianza mwaka 2001: wanakijiji huchaguliwa na wenzao, wakapewa mafunzo, na wengi hujitolea. Huyu si mkunga. Anaangalia, anafundisha, na akiona dalili mbaya anawapeleka kituoni.

Kwa nini nyumbani? Mzazi yuko ndani, anamaliza arobaini. Ilhali karibu robo tatu ya vifo vya vichanga duniani hutokea wiki ya kwanza. Kungoja chanjo ya wiki ya sita ni kuchelewa mno. Ndiyo maana utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, wilaya za mashariki mwa Uganda, ulipanga ziara siku ya kwanza, ya tatu na ya saba.

Ziara yenyewe ni kazi ya macho na mikono. Mtoto akiwa ametulia, mhudumu humfunua kifua na kuhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 60 anarudia. Zikibaki hapohapo, safari ya kituoni. Anagusa nyayo kama zina baridi, anatazama viganja kama vina manjano, anauliza mtoto ananyonyaje. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala samli. Baganda wana ekyogero, maji ya mitishamba ya kumwogesha mtoto. Mhudumu mwenye busara hagombani na bibi, anamwomba asubiri siku nzima ipite tangu kuzaliwa kabla ya kumwogesha mtoto kwa maji yoyote.

Kisha mama, ambaye wageni humsahau. Damu inatoka kiasi gani? Kuna homa, maumivu makali ya kichwa, uchafu wenye harufu? Hapa lugha nayo ni tiba. Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda yenye wengi kutoka Kongo, mama ataeleza kwa Kiswahili mambo ambayo hatayasema mbele ya mkalimani mwanamume.

Udhaifu wa huduma hii naujua: rufaa ya saa nane usiku bila nauli haifiki popote. Pesa ya boda iwekwe kando kabla ya uchungu kuanza, na namba ya dereva iandikwe ukutani.