Haina salfeti? Sawa. Ina nini?

Juzi tena. Dada mmoja mwenye saluni kanitumia picha ya chupa ya shampuu, upande wa mbele tu, na ujumbe wa sauti: "Kaka, hii haina salfeti, kwa hiyo ni laini, hata mtoto naweza kumwoshea kila siku, si ndiyo?" Nikamwomba picha ya nyuma. Kiambato cha kwanza baada ya maji: Sodium C14-16 Olefin Sulfonate. Nguvu yake ya kung'oa mafuta haiko mbali kabisa na ya hizo salfeti, viosheo vya povu jingi, anazozikimbia, na ikiwekwa bila wenzake wa kuipooza, mimi naiona inakausha nywele vizuri tu. Kwa mtoto? Kila siku? Hapana, dada.

Kazi yangu ni kutengeneza shampuu na kondishena, na wateja wangu wengi ni wenye saluni wa Dar. Sina ugomvi na shampuu zisizo na salfeti. Ninazitengeneza, ninaziuza, na kuna nywele ambazo siwezi kuzishauri kitu kingine. Ugomvi wangu ni na imani kwamba maneno yale ya mbele ya chupa yamemaliza kazi ya kuchagua. Mtu akikuambia chai haina maziwa, bado hujui kama ina sukari, tangawizi, au ni maji ya moto tu.

Tumalize haraka suala la majina. Ukigeuza chupa, salfeti zinazohusika ni hizi: Sodium Lauryl Sulfate, ambayo ni SLS, Sodium Laureth Sulfate, ambayo ni SLES, ile pasti nzito ambayo watengeneza sabuni ya maji wa Kenya huiita ungaroli, ndugu zao wanaoanza na Ammonium, na Sodium Coco Sulfate. Hii ya mwisho huuzwa kwa picha ya nazi na majani ya kijani. Ni salfeti. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni loriki, ndiyo inayotoa hiyo Lauryl, kwa hiyo ndani ya Sodium Coco Sulfate sehemu kubwa ni SLS ileile. Na SLS yenyewe mara nyingi hutokana na nazi au kiini cha mchikichi. Ukiambiwa "asili yake ni nazi", hujaambiwa kitu.

Upande wa pili kuna wasio na hatia wanaotupwa jalalani kila siku. Behentrimonium Methosulfate ni kilainishi, iko kwenye kondishena, kazi yake ni kufanya kitana kipite. Magnesium Sulfate ni chumvi. Selenium Sulfide ni dawa ya mba. Mama mmoja aliacha dawa ya mba ya binti yake kwa sababu ameona herufi zinazofanana. Mba ukarudi, bila shaka.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa.

Wanaotengeneza sabuni ya maji mitaani wanaijua salfoniki: kimiminika kizito cha kahawia, unakizimua, unakipooza kwa soda ash, unapata kitu kinachotoa povu na kukata mafuta ya sufuria. Salfoniki si salfeti, ni ya ukoo wa salfoneti. Kwenye salfeti, salfa imeshikwa kwenye mnyororo wa mafuta kwa kupitia oksijeni. Kwenye salfoneti imeshikwa moja kwa moja kwenye kaboni. Tofauti hiyo ina maana kwangu mimi jikoni, kwa sababu salfeti huvunjika taratibu kwenye mchanganyiko wenye asidi kali na salfoneti haivunjiki. Kwa nywele zako haina maana hata kidogo. Nikitengeneza sabuni ya vyombo kwa salfoniki na soda ash, bila SLES, naweza kuibandika lebo ya kwamba haina kiosheo cha salfeti na nisiwe nimedanganya. Ukioshea nywele zako hiyo utajuta.

Kwa hiyo soko lilipotaka "isiyo na salfeti", baadhi ya viwanda vilifanya jambo rahisi kabisa: vikatoa SLES, vikaweka olefini salfoneti, ile ya chupa ya yule dada, povu likabaki lilelile, na bei ikapanda. Siwalaumu sana. Mteja aliomba kitu kisiwemo, hakuomba kitu kiwemo.

Na hapa ndipo watu huchoka kunisikiliza, lakini ndiyo kiini cha ufundi wenyewe: upole wa shampuu hauko kwenye kiosheo kimoja, uko kwenye mchanganyiko. Molekuli za kiosheo zikiwa nyingi majini hujikusanya kuwa vifurushi, miseli. Zilizofungwa ndani ya kifurushi hazina sana habari na ngozi. Zinazozurura mojamoja ndizo hupenya, zikashikamana na protini na kuacha ngozi imekaza na kuwasha. Ukichanganya SLES na betaini, kiosheo laini cha kuipooza, tuseme sehemu tatu kwa moja, vifurushi huundwa mapema zaidi na wazururaji hupungua. Ngozi inawashwa kidogo kuliko SLES ikiwa peke yake kwa kiasi kilekile, japo kiosheo cha jumla kimeongezeka. Wanafunzi wangu hawaamini hadi waoshe mikono kwa vyote viwili. Ndiyo maana shampuu ya SLES iliyotungwa vizuri, yenye betaini ya kutosha na uchachu wa karibu pH 5 (kwenye kipimo hicho maji safi ni 7, chini yake ni chachu, juu yake ni ukali wa magadi), inaweza kuwa laini kuliko "isiyo na salfeti" iliyotungwa ovyo.

Niseme na upande wenye ukungu. Maelezo hayo ya wazururaji na vifurushi ni ya vitabuni, lakini wapo watafiti waliopima SLS wakaona vifurushi navyo hupenya ngozi. Mjadala haujafungwa. Halafu vipimo vingi vya ukali hufanywa kwa kubandika kiosheo mkononi kwa saa 24. SLS ndiyo hiyohiyo wataalamu wa ngozi huitumia makusudi kuwasha ngozi ili wapate cha kulinganisha. Nani anakaa na shampuu kichwani saa 24? Na vishungi vya nywele vinavyooshwa maabara kwa kawaida ni vya nywele zilizonyooka. Nywele zetu za kipilipili zina kona kila mahali, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Nikikuambia kiosheo fulani "hakiharibu nywele", nusu ya ushahidi wangu umetoka kwenye vichwa visivyofanana na chako. Nusu nyingine ni macho ya wasusi, na macho ya msusi mzuri nayaheshimu kuliko jedwali.

Kuna kichekesho kingine. Yule anayeogopa salfeti kuliko wote mara nyingi anaoshea nywele sabuni ya mche, au sabuni nyeusi ya asili, kwa sababu "haina kemikali". Kweli, salfeti haimo. Lakini sabuni yoyote ya kweli, iliyopikwa kwa mafuta na magadi makali, huwa na pH ya 9 hadi 10. Nywele huvimba, magamba yake hufunguka, zinasuguana na kukwama. Ongeza maji ya kisima, haya yetu ya pwani yenye chumvi na chokaa: sabuni ikikutana na kalsiamu na magnesiamu hutengeneza utando mweupe usioyeyuka. Ule ukavu wa kunata baada ya kuosha ndio huo. SLES haifanyi hivyo, na betaini haifanyi hivyo. Kwa maji ya kisima, shampuu ya kawaida ya dukani, yenye salfeti zake, ni bora kuliko sabuni ya mche, siku zote. Nimesema.

Saratani: hapana. Uvumi huo ulizunguka kwa barua pepe tangu miaka ya 1990 na ushahidi haukuwahi kufuata. Kilicho cha kweli ni kwamba SLES, kwa namna inavyotengenezwa, inaweza kubaki na chembe za dayoksani, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani, na viwanda makini huiondoa. SLS haina tatizo hilo. Lakini Disodium Laureth Sulfosuccinate, inayopendwa kwenye chupa za "isiyo na salfeti", hupitia njia ileile, kwa hiyo swali lilelile linaihusu. Tazama silabi ya "eth" kwenye jina.

Na kama kweli unaogopa saratani saluni, acha shampuu, tazama keratini. Dawa nyingi za kunyoosha za aina hiyo hutoa gesi ya formaldehidi pasi inapopita. Hiyo IARC iliiweka kundi la 1 mwaka 2004, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Nimeona mteja anakaa kwenye moshi ule, macho yanatiririka, mlango umefungwa ili kiyoyozi kisipotee, halafu anapewa onyo kali: usioshe kwa salfeti! Onyo lenyewe lina mantiki kidogo, kiosheo chepesi hupunguza kasi ya ule utando kuondoka, na ukishalipa hela yote ile nakushauri ulifuate. Ushahidi wake si mkubwa kama wauzaji wanavyodai. Mtu wa kuhurumiwa pale ni msusi, anayevuta moshi huo kutwa.

Basi nani anafaidika hasa na shampuu isiyo na salfeti, iliyotungwa vizuri? Mwenye nywele za asili za kipilipili, maana mafuta ya ngozi hayatelezi hadi ncha na akiyaondoa yote hayarudi kwa urahisi. Mwenye nywele za dawa, baada ya wiki ya kwanza. Mwenye ukurutu au ngozi inayowasha. Mwenye rangi pia, ila ajue maji yenyewe hutoa rangi hata bila shampuu.

Siku yenyewe ya kuweka dawa, osha kwa ile shampuu ya kupooza dawa iliyokuja kwenye boksi, hata kama ina salfeti. Dawa ile ina pH ya 12 au zaidi. Mabaki yake ndiyo hatari, na hapo sitaki kusikia habari za upole.

Nani hafaidiki? Anayepaka mafuta ya mgando kila asubuhi, juu yake jeli, juu yake rasta za wiki sita. Huyo akiosha kwa shampuu ya glukosidi, kiosheo laini sana, peke yake anasukuma uchafu huku na huku, mba unaota, halafu anasema nywele zake zimekataa shampuu ya bei ghali. Msusi amfumue, kisha aoshe mara moja kwa shampuu kali ya kusafisha, kisha arudi kwenye laini. Na saa chache kabla ya kuosha apake mafuta ya nazi kwenye ncha: yanaingia ndani ya nywele, na utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha yanapunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya madini hayakulifanya. Bibi zetu wa pwani walikuwa wameshalimaliza hilo.

Kingine: laini si sawa na salama kwa kila mtu. Betaini ya nazi ilitajwa na chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kuwa kizio cha mwaka 2004, na glukosidi zikafuata 2017. Ni wachache wanaodhurika, lakini shingo na masikio yakikuwasha baada ya kubadili shampuu, usikatae kuamini kwa sababu tu chupa ni ya kijani.

Ukiwa dukani, fanya hivi. Soma viambato vitano vya mwanzo. Ukiona Sodium Cocoyl Isethionate, Sodium Methyl Cocoyl Taurate, Disodium Laureth Sulfosuccinate au Decyl Glucoside, na Cocamidopropyl Betaine jirani, uko mahali pazuri. Ukiona Olefin Sulfonate ya kwanza na betaini iko mbali huko chini, jua umenunua shampuu ya kusafisha, itumie hivyo. Kiasi halisi hutakijua, lebo haisemi, na hapo hata mimi nakisia. Kisha tafuta Phenoxyethanol. Ni kihifadhi ambacho Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake kipo kwa tone. Parachichi, mwani, asali, protini ya hariri: vikija baada ya hapo umelipia picha.

Usihukumu kwa povu. Hizi laini hutoa povu dogo, hasa unapopaka mara ya kwanza. Loweka nywele vizuri, weka kidogo, suuza, rudia. Ukiongeza tu ili povu lije, chupa ya elfu ishirini inaisha kwa wiki mbili na unanipigia simu.

Na chupa isiyo na orodha ya viambato kabisa, hata kama mbele imeandikwa hakuna salfeti, hakuna parabeni, hakuna hiki wala kile, irudishe kwenye shelfu.