Kikundi si mtu: barua pepe ya ofisi ilivyogombana na saa za kazi

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Mbeya bado ina ukungu, nikapigiwa simu na mhasibu wa kampuni ninayoihudumia. Wanauza mbegu na mbolea: ofisi iko Soweto, ghala Uyole, maduka Vwawa na Makambako. Siku nyingine hunisalimia mpaka nichoke. Siku hiyo alisema tu, "Kaka, zima huo mtambo wako."

Nikafungua kikasha. Barua 37, zote za kikundi cha ofisi, kila moja na kichwa kirefu kuliko cha iliyotangulia. Ya mwisho ilisomeka "Tumepokea: Tumepokea: Tumepokea:" na kuendelea hivyo hivyo hadi kwenye ukingo wa kioo cha simu. Huko mwisho kabisa, ukivuta kwa kidole, ndipo unakuta "Ombi la ruhusa Jumatatu".

Kazi yangu ni kuunganisha programu za kompyuta bila kuandika msimbo (code). Unachukua Zapier, Make au n8n, unaiambia "hiki kikitokea hapa, fanya kile pale", basi. Wateja wakiona inavyofanya kazi mara ya kwanza wanadhani ni uchawi, na mimi, nakiri, sikuwahi kuwakatalia kwa nguvu. Ila Jumamosi ile uchawi ulinirudia mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetengeneza minyororo miwili. Wa kwanza ulisoma barua zinazoingia kwenye anwani ya kikundi (ile ambayo ukiiandikia mara moja inawafikia wote) na kuandika mstari kwenye jedwali la Google Sheets. Wa pili uliona mstari mpya ukatuma jibu la "Tumepokea" kwenye kikundi kilekile, ili wasimamizi wote wajue fulani kaomba ruhusa. Jibu lilitoka kwenye anwani nyingine, na kikundi kilikuwa kimeachwa wazi kupokea barua ya yeyote. Kwa hiyo jibu likaingia kama barua mpya. Likaandikiwa mstari. Mstari ukazaa jibu. Toka Ijumaa saa kumi jioni mpaka nilipopigiwa simu, mashine ilikuwa inaongea na mwangwi wake. Kifurushi cha bure cha Zapier kina hatua 100 kwa mwezi: kila mstari hatua moja, kila jibu hatua moja. 74 zilikuwa zimeliwa usiku mmoja na ombi moja la ruhusa.

Dawa niliiweka kabla ya chai. Kichujio kinachokataa barua inayotoka kwenye anwani yetu inayotuma majibu. Kichujio cha pili kwa majibu ya kujiendesha, yale ya "niko likizo": mengi yake hubeba alama ya Auto-Submitted kwenye maelezo yaliyofichwa ya barua. Kikundi nikakifunga, wanachama tu ndio wanaandika. Na jibu likawa linakwenda kwa aliyeomba peke yake.

Lakini nilipokaa nikatafakari, niliona loo, tatizo langu halikuwa kichujio. Nilikuwa nimekifanya kikundi kuwa mtu. Programu ya kurekodi saa za kazi, iwe Clockify au Toggl Track, inamtambua mfanyakazi kwa barua pepe yake. Akaunti moja, binadamu mmoja. Ofisi zetu nyingi huku nyanda za juu hazijazoea hivyo. Kuna anwani ya ofisi, anwani ya ghala, na nywila imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ghala la Uyole walikuwa na simu moja na akaunti moja ya ghala. Wa kwanza anafika, anabonyeza kuanza. Wa pili anafika baada ya dakika nne, anabonyeza kuanza, na hapo saa ya wa kwanza inasimama yenyewe, kwa sababu akaunti moja haiendeshi saa mbili kwa pamoja. Mwisho wa wiki ripoti inaonyesha ghala limefanya kazi vipande vya dakika nne, dakika saba, kisha saa tisa za mtu ambaye hajulikani ni nani. Msimamizi, mzee wa watu, aliniuliza kwa upole, "Kijana, hawa wengine wote walikuwa wanacheza bao?"

Siku hizi kabla ya kugusa mnyororo wowote naanza na jedwali la majina: jina, barua pepe yake binafsi, kituo chake, na namba aliyopewa na programu ya saa. Minyororo yote inaulizia pale. Namba ni muhimu kuliko barua pepe, maana watu wetu wakipoteza laini wakasahau nywila hufungua anwani mpya kesho yake, na mfumo unadhani ameajiriwa mtu mwingine. Kwa wasio na barua pepe kabisa kuna njia: Jibble, kwa mfano, inaruhusu simu au tableti moja ikae getini, kila mtu anaweka namba yake ya siri. Uyole ndivyo wanavyofanya sasa.

Halafu kuna suala la saa, ambalo hakuna mafunzo ya mtandaoni yatakayokueleza kwa sababu walioyatengeneza hawahesabu saa kama sisi. Mpakiaji anaandika "nimeingia saa 1:12". Simu yake inasema 07:12. Data inayosafiri kati ya programu mara nyingi iko kwenye saa ya UTC, ile ya kulinganishia saa za dunia nzima, sisi tukiwa mbele kwa saa tatu, hivyo jedwali likaandika 04:12. Mhasibu akaisoma kwa Kiswahili: saa nne na dakika kumi na mbili. Akamkata mtu mshahara wa kuchelewa kwa saa tatu. Msimamizi aliisoma kwa saa ya simu, akaona mtu kafika saa kumi alfajiri, akataka kumpongeza. Namba ileile moja!

Kwa zamu ya usiku ni balaa zaidi. Mlinzi anayeanza saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, kwa UTC bado ni Jumatatu 22:30. Kila anayeingia kati ya saa sita na saa tisa usiku anarudishwa jana yake. Hilo linagusa hela, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, iongezewe asilimia 5, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Kwa hiyo kwenye mnyororo naweka hatua ya kubadili muda kwenda Africa/Dar_es_Salaam (ndivyo kompyuta inavyoita saa za Tanzania) kabla haujagusa jedwali, na safu mbili: 07:12 ya kompyuta, "saa 1:12 asubuhi" ya kusomwa na watu. Sheria hiyo inaweka pia kikomo cha saa 50 za ziada ndani ya wiki nne. Jedwali linageuka njano mtu akifika 40.

Kitu kingine nilichobadilisha ni jinsi taarifa inavyosafiri. Mwanzoni Zapier ya bure ilikuwa inachungulia kila baada ya dakika 15, kama mtu anayekwenda posta kila mara kutazama sanduku. Programu za saa zinaweza kutoa webhuku, nayo ni kama konda kukupigia kwamba mzigo wako umeshafika stendi ya Nane Nane: huendi mpaka uitwe. Nikahamia Make, nikatumia webhuku.

Ripoti ya kikundi sasa ni moja tu, Jumatatu, na ina jumla ya kila kituo bila majina. Saa za mtu zinakwenda kwa mwenyewe na kwa mhasibu. Zamani orodha ya waliochelewa ilimwagwa kikundini, watu wakawa hawasalimiani, na toka ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sikuona sababu ya kubishana na mteja juu ya hilo.

Nilikuwa nimeipanga itoke saa mbili asubuhi. Vwawa ikawa inatokea na sifuri kila mara. Umeme ukikatika Jumapili, tableti ya Vwawa inatunza saa ndani yake na kuzituma mtandao ukirudi, yaani muuza duka akishafika na bando lake. Nimeisogeza hadi saa tano. Mhasibu anaichapisha, anaibandika nyuma ya mlango. Makambako bado wanasaini daftari kila asubuhi, halafu ndiyo wanabonyeza simu, na kila mwisho wa mwezi naomba picha ya daftari hilo nilinganishe.