Mgongo wa ardhi, reli iliyokufa, na namba 6

Kiangazi kinapoanza, kuanzia mwezi wa tano, vijana wa hapa Lubumbashi wenye kinga, yaani baiskeli, wananipigia simu na swali lilelile: "Yaya, tunataka kutoka na kinga siku mbili, mahali pasipo na kamiyo. Tupite wapi?" Wamechoka kusukumwa vumbini na malori ya shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa na ile ya Likasi. Wanangoja niwatajie kilima chenye mandhari, au maporomoko ya Lofoi. Mimi nawauliza kwanza: mtabeba kilo ngapi?

Swali hilo linawaudhi kidogo. Lakini mimi ni mpimaji wa ardhi, nimetumia sehemu kubwa ya kazi yangu chini ya migodi ya Katanga, na njia ya kinga siwezi kuitazama kwa macho ya mpiga picha. Naanza na mwinuko.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mtu, kinga yake na mizigo, jumla kilo 100. Njia ikipanda mita 2 kwa kila mita 100, ambao ndio mwinuko wa asilimia 2, ardhi inamvuta nyuma kana kwamba amefungiwa uzito wa kilo 2. Ikipanda mita 6, ni kilo 6. Ongeza juu yake kile ambacho njia yenyewe inakula: lami nzuri inakula kama nusu kilo, changarawe iliyoshikana kilo moja hivi, mchanga laini kilo tatu na zaidi. Ndiyo maana tambarare ya mchanga inaweza kukumaliza kuliko kilima cha lami, na ndiyo maana mtu wa makala, yaani mkaa, mwenye magunia yaliyopita urefu wake mwenyewe, anaweza kuzunguka kilomita nzima ili kukwepa kilima kimoja kifupi. Watu wa mjini wanadhani amepotea. Amepiga hesabu kwa mapaja.

Nilikuja kuelewa jambo hili vizuri nikiwa Ubelgiji. Nilikuwa Liège kwa mafunzo ya miezi michache, na Jumamosi niliazima baiskeli ya mwenye nyumba wangu. Upande wa Wallonie wana mtandao unaoitwa RAVeL, ulioanza 1995, wa njia ambazo magari hayaingii: kando ya mito na mifereji ya meli, na zaidi juu ya matuta ya reli zilizokufa. Reli ikifungwa, vyuma vinang'olewa, tuta linabaki, linawekwa lami au changarawe nzuri, na penye makutano ya barabara wanasimika vigingi ili gari lisipenye.

Kwa nini reli? Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza upesi, kwa hiyo garimoshi lenye mzigo haliwezi mlima. Mhandisi wa reli analazimika kuukata mlima, kulijaza bonde, au kulizunguka. Gharama yote hiyo ililipwa zaidi ya miaka mia iliyopita kwa ajili ya makaa na chuma, na leo anayeifaidi ni mama mwenye mtoto nyuma ya baiskeli.

Iliyonikaa moyoni ni Vennbahn. Ina kilomita 125, kutoka Aachen nchini Ujerumani, kupitia mashariki ya Ubelgiji, mpaka Troisvierges huko Luxembourg, na mwinuko wake karibu kote hauzidi asilimia 2. Waprusi waliijenga miaka ya 1880 kubeba makaa na chuma. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, mkataba wa Versailles ulifuatiwa na uamuzi wa kuipa Ubelgiji reli hiyo pamoja na vituo vyake, hata pale ilipopita katikati ya Wajerumani. Vipande vya Ujerumani vikabaki upande wa pili wa reli, vimezungukwa na Ubelgiji. Garimoshi limekwisha, njia ya baiskeli imefunguliwa rasmi 2013, na mpaka bado uko palepale: sehemu fulani unakanyaga pedali juu ya ardhi ya Ubelgiji, na nyumba za kushoto na kulia ni za Ujerumani. Hakuna askari, hakuna muhuri. Mimi niliyezoea foleni ya mpakani Kasumbalesa nilisimama nikacheka peke yangu.

Niseme na ubaya wake. Ukikatiwa njia ndani ya mlima, huoni mlima. Kuna kilomita nyingi za Vennbahn ambazo ni ukuta wa misonobari kushoto na ukuta wa misonobari kulia, na mtu aliyekulia kwenye miombo, ambako mwanga unapita kati ya miti hadi chini, anajisikia amewekwa ndani ya bomba. Ukitoka kwenye mbuga za majimaji za Hautes Fagnes unashusha pumzi.

Nilipowasimulia vijana, wakaniambia: basi tupande juu ya reli yetu! Hapana. Reli ya kwetu haijafa. Ilifika hapa ikitoka Sakania mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipozaliwa kwa jina la Élisabethville, na mpaka leo garimoshi linapita, hata kama hulisikii wiki nzima. Kokoto zake zinapasua mpira, madaraja yake hayana pa kujiegemeza, na garimoshi likija huna pa kukimbilia. Mtu anayepiga picha akiendesha kinga katikati ya vyuma asiniite rafiki yake.

Hata hivyo reli hiyo ina somo. Tazama ramani kutoka Sakania kuja huku: inakaa karibu na mgongo wa nchi, ule unaotenganisha maji yanayokwenda Kongo na yanayokwenda Zambezi. Mpaka wetu na Zambia nao unafuata mgongo huohuo. Ndiyo sababu unajipinda vile pale Kipushi. Aliyeshika mgongo havuki mto. Maji yote yanamkimbia, huku na huku. Hakuna daraja, hakuna bonde la kushuka na kupanda tena, na mvua ya mwezi wa pili ikimwagika, potopoto inabaki chini kwenye dembo, yaani bonde la majimaji.

Migongo kama hiyo tunayo mingi midogo kuzunguka Lubumbashi, kati ya kijito na kijito vinavyoingia mto Kafubu. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na nchi yake inajikunja taratibu kama shuka. Nilipoanza kupima njia za makala, nilichukua mpira mwembamba wa maji wa waashi, ule unaoonyesha ndani, mita 10, na vijiti viwili vya kipimo. Maji kwenye ncha mbili yanasimama sawa. Tofauti ya vijiti ikiwa sentimita 20, hapo ni asilimia 2. Simu usiitegemee kwa kazi hii, kimo inachokupa kinarukaruka. Nilitarajia kuwasahihisha watu wa makala. Mahali pengi nilikuta wameshanitangulia: njia yao inashika mgongo kama imechorwa na mhandisi, inakwepa vichuguu vikubwa, inashuka dembo mahali pamoja tu, pale ardhi ilipo ngumu.

Tatizo la mgongo ni kiu. Maji yamekukimbia kweli. Kiangazi mimi nabeba lita 5 kwa siku, na mwezi wa kumi, jua likiwa kali kabla ya mvua, siendi kabisa. Kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, utakachouziwa kijijini ni zawadi, usikiweke kwenye mpango.

Tatizo la pili ni kwamba njia za makala hazikai. Msitu ukiisha upande huu, tanuri linahamia kule, na njia nayo. Mwaka mmoja nilifuata njia niliyoipima mwenyewe miezi minane kabla, nikakuta uzio mpya wa mgodi na mlinzi asiyetaka salamu. Nilirudi kilomita 14 gizani na chupa tupu, nikisimama kwenye kila panda ya njia na kujiuliza: ni ile yenye mti ulioungua, au inayofuata?

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lingine la Ubelgiji, na hili naliona bora kuliko lami. Katika jimbo la Limburg, ambako mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa 1992, mhandisi wa migodi aliyeitwa Hugo Bollen alitoa wazo la kuzipa namba panda za njia za baiskeli, kama zilivyopewa namba panda za chini ya mgodi ili mtu asipotee. Mtandao wa kwanza ulifunguliwa 1995, na baadaye Uholanzi wakauiga nchi nzima. Kibao kinakuambia uko namba gani, na mishale inaonyesha namba za jirani. Unaandika kwenye karatasi: 12, 47, 33, unaifunga kwenye usukani, unaondoka. Njia moja ikizibwa, huanzi upya. Unazungukia namba nyingine.

Mtu yeyote aliyeshuka chini ya mgodi wa Kipushi analielewa hilo bila kuelezwa. Mimi mpimaji wa migodi nilipita mbele ya vibao hivyo majuma mazima nikiona ni mapambo tu! Ndiyo aibu yangu.

Kiangazi kilichopita, kwa ruhusa ya machifu wa vijiji vitatu, tulipaka namba tisa kwa rangi nyeupe kwenye mawe na vigogo vilivyokauka, upande wa Kafubu. Duara lote ni kilomita 38, na mwinuko mkali kuliko yote niliopima ni asilimia 4, kwa mita 60 tu. Unapita karibu na kilima kisichoota miti kwa sababu ya shaba iliyo ndani yake, vilima vya aina ile ambavyo wazee wetu walivitambua na kuchimba, wakayeyusha misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha kabla Mzungu hajafika. Shukeni hapo, pumzikeni, msichukue jiwe.

Rangi ilikuwa haijakauka kwenye namba 6 papa mmoja wa makala aliposimama, akategemeza kinga yake kwa mti, akaitazama kazi yetu kwa muda.

"Namba ni nzuri," akasema. "Lakini hapa mwezi wa kwanza ni maji mpaka kiuno. Leteni rangi, niwaonyeshe 6 inapokaa."

Tulimfuata mita mia mbili hivi juu ya mgongo. Ile ya kwanza tumeifuta kwa tope. Mkiona doa jeupe kwenye jiwe la dembo, piteni tu.