Kinachoshika seli pamoja: maswali na majibu kutoka chumba cha vidonda

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda. Maswali mengi ninayoulizwa pale, ukiyafuatilia, yanakwenda mahali pamoja: kovu, goti, mfupa, ngozi iliyolegea. Yote ni habari za kile kilicho nje ya seli. Shuleni tulisoma seli kwa wiki nzima, halafu kinachozizunguka tukakipita kwa mistari miwili. Hapa nakirudia polepole, kwa maswali yenyewe kama ninavyoulizwa.

Sista, hicho kitu cha nje ya seli ni nini hasa?

Kinaitwa matriksi, na buchani unakiona kwa macho. Tazama mguu wa mbuzi. Ule utando mweupe unaotenganisha msuli na msuli, ile kano inayoshinda meno, ule mfuniko laini unaong'aa kwenye kichwa cha mfupa, yaani gegedu: sehemu kubwa ya vitu hivyo ni matriksi, na seli zake ni chache. Kwenye ini ni kinyume, seli zimesongamana na matriksi imepita katikati yao kama uzi mwembamba.

Fikiria ukuta wa nyumba ya udongo. Kuna fito na kamba, kisha kuna udongo uliokandikwa. Fito na kamba za mwili ni kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko nyingine zote, karibu theluthi moja ya protini yetu. Molekuli yake moja ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Waliolipendekeza umbo hilo la nyuzi tatu mwaka 1954 ni G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, wakifanya kazi Madras, India. Sasa zinajulikana aina 28 za kolajeni. Pamoja nayo ipo elastini, inayovutika na kurudi. Ndiyo inayouwezesha mshipa mkubwa wa damu kutanuka moyo unapopiga kisha kunywea.

Udongo wenyewe ni proteoglikani na hyaluronani, ambazo kazi yao kubwa ni kuvuta maji na kuyashika, ndiyo maana gegedu hugandamizwa bila kupondeka. Halafu kuna protini za kunatisha, fibronektini na laminini, ambazo seli huzikamata kwa vishikizo viitwavyo integrini.

Nyumba ya udongo fundi akimaliza anaondoka. Huku mafundi, wale tunaowaita fibroblasti, wanaishi ndani ya ukuta wenyewe, na maisha yao yote ni kubomoa kidogo na kujenga kidogo.

Kwa hiyo kazi yake ni kujaza nafasi tu?

Hapana. Kwa kupitia vile vishikizo, seli inahisi kama mahali ilipo pamekaza au pamelegea, na inaamua kukua, kuhama au kutulia. Seli nyingi zikibanduliwa kwenye matriksi yake hufa zenyewe.

Mfano ulio karibu sana na akina mama ni huu. Chini ya ngozi laini ya mlango wa kizazi kuna utando mwembamba wa matriksi, utando wa msingi. Seli zikianza kuharibika, kwanza huwa juu ya utando huo. Kule juu hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo hazina njia ya kusambaa. Zikishautoboa utando, ndipo inapokuwa saratani inayosafiri. Muuguzi anapopaka siki iliyozimuliwa wakati wa uchunguzi na kutafuta mabaka meupe, anataka kukuwahi ungali upande salama wa utando. Hapo tiba ni kugandisha au kuunguza sehemu ndogo, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Dada yangu, kama hujaenda kupima, nenda ukapime.

Mfupa si chokaa tu?

Hili lifanye nyumbani na watoto. Chukua mfupa wa mguu wa kuku, uoshe nyama yote itoke, uutie ndani ya chupa ya siki ya dukani. Siki ibadilishe kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja hivi utoe: unapinda kama mpira. Siki imeyeyusha madini ya kalsiamu, kilichobaki ni kolajeni. Sasa chukua mfupa mwingine uuchome jikoni mpaka uwe mweupe. Hapo kolajeni imeungua, madini yamebaki, na ukiubana kwa vidole unavunjika. Mfupa mzima unahitaji vyote viwili.

Mtoto mwenye matege kwa kukosa vitamini D au kalsiamu anafanana na ule mfupa wa kwanza: kolajeni ipo, madini hayajaingia vya kutosha. Na wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye kolajeni yenyewe. Mifupa yao huvunjika kwa kunyanyuliwa tu, na baadhi yao weupe wa macho una rangi ya bluu. Naomba walimu na majirani mlisikie hili. Mzazi wa mtoto wa namna hii huambiwa anampiga mwanawe. Mtoto akivunjika mara ya pili au ya tatu bila sababu ya maana, apelekwe hospitali achunguzwe, na mzazi asihukumiwe kabla ya majibu.

Binti yangu, nakunywa supu ya kongoro na bamia, mbona ute wa magoti hauongezeki?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja, naye alikuwa ameifuata dawa yake kwa uaminifu. Shikamoo tena, mzee wangu. Supu ya kongoro ikilala inaganda, umeiona. Kule kuganda ni kolajeni iliyolegezwa na moto, kwa hiyo aliyekwambia ina kolajeni hakukosea. Shida iko safarini. Tumboni inakatwakatwa kama protini nyingine, ikifika kwenye damu ni vipande vidogo ambavyo mwili utavipeleka unakotaka, pengine kwenye goti, pengine kwenye nywele. Bamia nayo inateleza mdomoni, lakini huo utelezi hauna njia ya kufika gotini. Endelea kuvila, ni chakula kizuri. Usivitegemee kama tiba.

Goti linahitaji nini? Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake ni maji yanayoingia na kutoka inapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Kwa hiyo goti linalokaa tu linakosa chakula, na kutembea kwa kiasi ni kulilisha. Kisha kuna uzito. Ukitembea, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Kwa watu wanene wenye magoti mabovu, imepimwa kwamba kupunguza kilo 1 ya mwili kunalipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Na misuli ya paja ikikazwa kwa mazoezi, kama kukaa kitini na kunyoosha mguu, kuushikilia kidogo, kuushusha, mara nyingi kwa siku, nayo inabeba sehemu ya mzigo. Mzee alianza kwa mara kumi kila asubuhi akisikiliza redio.

Nilijifungua kwa upasuaji, kidonda kimefunga. Kwa nini nakatazwa kubeba ndoo?

Kwa sababu ngozi ya juu hujifunga kwa siku chache, na chini yake kazi bado mbichi. Kwanza mwili hutandaza kolajeni ya haraka, nyembamba, isiyo na mpangilio, kama mtu anayeziba paa mvua ikinyesha. Kisha fibroblasti huiondoa kidogo kidogo na kuweka ile nene, wakiilaza kufuata upande inakovutwa. Baada ya wiki 3 kovu lina nguvu kama asilimia 20 ya ngozi ya kawaida. Baada ya miezi 3 linafika karibu asilimia 80, na juu ya hapo halipandi sana, hata miaka ikipita. Kwa hiyo anayekwambia “mbona wewe mzima” haoni ninachokiona mimi. Ndoo ya lita 20 abebe mwingine.

Na kula matunda. Kolajeni haisokotwi vizuri bila vitamini C. Mwaka 1740 meli za Uingereza chini ya George Anson ziliondoka kuzunguka dunia, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Habari za safari ile zinamtaja mtu aliyejeruhiwa vitani zaidi ya miaka 50 nyuma. Kiseyeye kilipompata, makovu yake ya zamani yalifumuka kama hayajawahi kupona. Kovu la nusu karne! Ndipo unapoelewa kwamba hata kovu la zamani linakarabatiwa kila siku, na vifaa vikikosekana linaachia.

Kwa bahati vitamini hii kwetu haina bei. Shirika la Afya Duniani limependekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Gramu 100 za mapera zinazidi miligramu 200. Anayenyonyesha anahitaji zaidi kidogo, na mapera mawili yanamtosha kabisa.

Nilitoboa sikio, sasa pameota kinyama kikubwa kuliko hereni. Nikikate?

Hiyo ni keloidi, na sisi watu weusi inatupata zaidi. Ni mafundi wasiosikia kwamba kazi imekwisha: kolajeni inaendelea kumwagwa hadi inavuka mipaka ya kidonda. Ukiikata peke yake umewapa kidonda kipya, na mara nyingi inarudi kubwa zaidi. Tiba hutumia sindano za steroidi, dawa inayowatuliza mafundi hao, ndani ya uvimbe wenyewe, kwa awamu, wakati mwingine pamoja na upasuaji. Kama mzazi au ndugu yako anazo, fikiria mara mbili kabla ya kutoboa au kuchora tatuu, hasa kifuani na mabegani.

Na kisukari?

Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu hujishika kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifungamanisha. Mishipa inakakamaa, vidole vinakosa kunyooka, utando wa msingi kwenye figo unanenepa. Kidonda cha mguuni kwa mgonjwa wa kisukari usikisubirie kipone chenyewe, hata kama hakiumi.

Cream za kolajeni na mkorogo, sista, zinaongeza au zinapunguza?

Cream ya kolajeni hulainisha juu tu, maana molekuli ile ni kubwa, haipenyi ngozi. Haina madhara makubwa, ila kwa mfuko wako.

Mkorogo ndio unaoninyima usingizi. Mikorogo mingi ina steroidi kali kama klobetasoli. Daktari huitoa dawa hiyo kwa ugonjwa wa ngozi, mahali padogo, kwa muda mfupi. Ukijipaka mwili mzima kwa miaka, fibroblasti zinaacha kutengeneza kolajeni. Ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na kwapani, michubuko inakuja kwa kuguswa tu. Nimewahi kumsafisha kidonda mama aliyefumuka nyuzi siku ya sita. Aliyemshona alimshona vizuri. Ngozi ndiyo ilikosa pa kushikia uzi, ilikuwa kama kushona karatasi iliyolowa. Alikaa wodini wiki nyingi, mtoto wake analetwa kunyonya.

Kama unatumia, usiache kwa ghafla leo usiku baada ya kusoma hapa, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi nyingi unaweza kuzidiwa ukinyimwa ghafla. Njoo kliniki tukupunguzie kwa utaratibu. Kama una mimba au unasubiri upasuaji, mwambie daktari mapema, tusiligundue mezani. Na njoo na kopo lenyewe, hata kama lebo imebanduka. Hakuna atakayekugombeza.