"Maandishi ya mwisho yatashinda": dhana inayoharibu hifadhidata za nakala

"Mzee, mtandao ukirudi, maandishi ya mwisho yatashinda." Hili nalisikia kwa karibu kila kijana wa Lubumbashi anayeniletea mpango wa startapu ya hifadhidata yenye nakala kwenye seva kadhaa. Mishale imechorwa vizuri ubaoni. Nikiuliza itakuwaje matawi mawili yakipotezana na kila moja likaendelea kuuza, jibu ni hilohilo. Nami siulizi kwa ukorofi. Hapa kwetu laini hukatika hata siku ya jua kali.

Chukua depo ya dawa iliyoko Kamalondo, yenye tawi Katuba, zote zikiuza kutoka stoo moja. Kila upande unaonyesha amoksilini boksi 40. Saa nne asubuhi mtandao unakatika. Kamalondo wanauza 15, wanaandika 25. Saa sita Katuba wanauza 6, wanaandika 34. Mtandao unarudi, programu inalinganisha saa, na kwa kuwa 34 iliandikwa baadaye, 34 inashinda. Boksi 15 zilizokwisha kulipiwa zimerudi stoo, kwenye kioo cha kompyuta tu. Kweli zimebaki 19. Programu haitoi onyo lolote. Mwisho wa mwezi mtunza stoo ndiye atakayeitwa mwizi.

Tena huo "mwisho" umepimwa kwa saa ya nani? Kompyuta iliyofiwa na betri yake ndogo ya ndani huamka baada ya umeme kukatika ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na bila mtandao haina pa kuulizia. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alieleza tangu 1978 jinsi ya kupanga mfuatano wa matukio kati ya mashine bila kutegemea saa zao. Google walipotaka hifadhidata yao Spanner iamini saa, walifunga vipokezi vya GPS na saa za atomiki kwenye vituo vyao vya data, na bado muamala husubiri milisekunde chache mpaka shaka ya saa iishe. Wewe mwenye kompyuta ya mtumba unaiamini saa yake kwa lipi?

Andika tukio, usiandike salio. "Toa 15", "toa 6", kila tukio na namba yake ya pekee, ili hata likitumwa mara mbili lihesabiwe mara moja. Mtandao ukirudi, yajumlishe kwa mpangilio wowote: 19.

Kazi haijaisha. Boksi zikiwa 20 na kila upande ukauza 12, hesabu itakuwa sahihi kabisa: hasi 4, na dawa zimeshaondoka. Hapo lazima uchague. Ama upande uliotengwa unakataa kuuza, ama wewe mwenyewe unagawa haki ya kuuza mapema: Kamalondo 12, Katuba 8, anayetaka zaidi aombe mtandao ukiwepo. Mimi huchagua mgawo, maana sijaona mwenye duka anayekubali kumfukuza mteja mwenye pesa mkononi. Na msinitajie hifadhidata ya Cassandra. Ndiyo, hutatua mgongano kwa muda wa mwisho. Ndiyo maana wanaoijua hawaweki salio humo kizembe.

"Tuna nakala tatu, bakapu ya nini?" Bakapu ni nakala ya akiba inayowekwa kando; nakala za seva si hiyo. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, amri ya kufuta nayo inanakiliwa, kwa uaminifu wote. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo, alifuta data ya seva kuu, ndipo ikagundulika kwamba bakapu zao za kawaida zilikuwa zikifeli kimyakimya. Waliokolewa na nakala ya saa sita zilizotangulia. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

"Seva mbili zinatosha, moja ikifa nyingine inashika." Laini kati yao ikikatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na utakuwa na viongozi wawili, kila mmoja akipokea maandishi yake. Anza na tatu, ili upande wenye mbili uwe na wingi wa kura na uongoze peke yake. Lakini ukiweka mbili Lubumbashi na moja Likasi, Lubumbashi ikizimika ile ya Likasi haina wingi wa kura. Basi moja kati ya zile mbili za Lubumbashi ipelekwe Kolwezi.

"Tutatunga algoritimu yetu ya makubaliano." Hapana. Raft, kanuni ya seva kukubaliana iliyotungwa na Diego Ongaro na John Ousterhout, imechapishwa tangu 2014, na iliundwa makusudi ieleweke kwa urahisi. Hifadhidata ya etcd inaitumia na msimbo wake uko wazi. Chukueni.

"Teknolojia ikiwa nzuri, wateja watakuja wenyewe." Hifadhidata ya RethinkDB ilipendwa sana na waandishi wa programu, na kampuni yake ikafunga milango mwaka 2016. Mwenye depo hanunui Raft. Ananunua hesabu ya jioni inayolingana na boksi zilizopo rafuni, kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo nenda ukae naye jioni moja anapofunga hesabu, kisha umuulize yuko tayari kulipa dola ngapi kwa mwezi.