Oili kwenye rotari iliyochezewa: pampu, premiksi, au vyote viwili?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nitumie oili gani kwenye 13B yangu" (13B ni injini ya rotari ya Mazda) na mimi huwa najibu kwa swali pia, ile pampu ndogo ya kudondosha oili ndani ya injini bado ipo au umeshaing'oa? Maana kila kitu kinaanzia hapo, mambo ya chapa mtabishana baadaye.

Kwa wageni wa hizi injini: rota ya pembe tatu inazunguka ndani ya hauzingi, na kwenye kila pembe kuna apeksi sili inayosugua ukuta wenye kromu muda wote injini inapowaka. Kwenye injini ya pistoni ringi zinapata oili inayorushwa kutoka chini na krenki, halafu inakwanguliwa inarudi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Rotari haina huko chini. Ukuta wote ambao apeksi sili inapita ni sehemu ya kuvuta hewa, kubana na kuchoma, kwa hiyo oili ya kulainisha sili lazima iingie humo humo na iungue humo humo. Ndo maana rotari kula oili sio ugonjwa, ilitoka hivyo kiwandani. Ukimaliza matenki kadhaa ya petroli na dipstiki haijashuka hata kidogo na pampu ya kiwandani ipo, hapo ndo uanze kuogopa.

Shida ni kwamba Mazda waliichukua oili hiyo kutoka sampu, yaani oili moja ina kazi mbili zinazogombana. Kazi ya kwanza ni kubeba beringi na kupoza rota, kwa sababu inarushwa kupitia jeti za kwenye shafti mpaka tumboni mwa rota, na humo inabeba joto la kutisha. Kwa kazi hiyo unataka oili nzito, ngumu kuungua, yenye viongezeo vya kulinda vyuma. Kazi ya pili ni kuungua vizuri bila kuacha kitu, na viongezeo vile vile vikiungua vinaacha majivu kwenye plagi, kwenye rota, na pembeni mwa sili, mwisho sili zinakwama kwenye mifereji yake. Oili ya tustroki, ile ya injini ndogo zinazochanganya oili na petroli, imetengenezwa iungue. Kwa hiyo akili yangu iko hapa: kwenye injini iliyochezewa, tenganisha hizo kazi mbili kama unaweza.

Sasa wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kung'oa pampu na kumwaga tustroki kwenye tenki la petroli, wanaita premiksi, na kwa gari ya treki, ya mashindano, sina ubishi kabisa. Premiksi inaingia na petroli kwa hiyo inafika hadi saidi sili na kona sili (za ubavuni na za kwenye kona za rota), sio apeksi peke yake, na ukibana turbo injekta zikimwaga petroli nyingi basi na oili inaongezeka yenyewe. Lakini gari ya barabarani ni habari nyingine. Unashuka mlima mrefu, mguu uko nje ya aksileta, mzunguko bado uko juu, injekta zimefungwa: hakuna petroli, hakuna oili, na sili zinaendelea kusugua kavu. Pampu inafuata mzunguko wa injini kwa hiyo yenyewe inaendelea kudondosha tu. Halafu kuna binadamu, siku moja utaazimisha gari, mtu atajaza petroli tupu na hatakwambia.

Na jamani tusidhani kiwandani waliona oili ni nyingi mno. Mazda RX-8 ilipofanyiwa maboresho ya mwaka 2009 waliongeza nozeli za kudondoshea oili kutoka mbili hadi tatu kwa kila rota, sio kupunguza.

Kwa hiyo kwa gari ya kila siku yenye turbo kubwa au poti (matundu ya kupitisha hewa) zilizotanuliwa mimi nabakiza pampu, naiwekea adapta inayoifanya ivute tustroki kutoka kwenye kitenki chake peke yake badala ya sampu, na juu yake naweka premiksi kidogo, mililita 4 kwa lita ya petroli. Ukiwa huna pampu kabisa nenda 8, treki ya kukanyaga mfululizo 10. Piga hesabu kwa petroli unayoongeza, sio kwa ukubwa wa tenki: kwa kipimo cha 8 unaweka lita 30 basi ni mililita 240, na mwaga oili kwanza petroli ije juu yake ijichanganye. Chagua tustroki yenye JASO FD, alama ya kiwango cha ubora cha Kijapani. TC-W3 ya boti haina majivu na wengi wanaitumia, ila ilitengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya nje na zinafanya kazi kwa joto dogo, kwa hiyo mimi siipendelei.

Ukibakiza pampu basi ihakiki, usiiamini kwa macho. Kwenye RX-7 za FC na FD vile vipaipu vyake ni vya plastiki, joto la miaka yote hiyo limevikausha na ukivigusa tu vinakatika. Toa nozeli, puliza kwa mdomo, hewa ipite kuelekea ndani ya injini tu, ikirudi nyuma valvu yake imekufa. Na pampu ya umeme (FC za kuanzia 1989, FD zote) ukichomoa soketi yake kontroo boksi ya kiwandani (kompyuta ya injini) inaibana gari nguvu, kwa hiyo habari za kuing'oa ni za mtu mwenye kontroo boksi ya kuprogramu.

Ukishatenganisha, ubishi wa kama oili ya sinthetiki inafaa kwenye sampu unaisha wenyewe, maana oili ya sampu haiungui tena kwa makusudi. Weka nzito, 20W-50 kwa turbo inayokanyagwa, na imwage mapema kwa sababu rotari inavujisha petroli kwenye oili. Nusa dipstiki, ikinuka petroli usisubiri kilomita.

Wa E85, petroli yenye ethanoli nyingi, mnisikilize vizuri: tustroki nyingi hazikai na ethanoli. Changanya kidogo kwenye chupa ya kioo kwa kipimo chako kile kile, iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta oili imekaa chini peke yake, basi kwenye tenki pampu ya petroli itavuta oili tupu kwanza halafu sili zibaki bila kitu, tafuta oili nyingine iliyoandikwa wazi kwamba inakubali ethanoli na uijaribu kwenye chupa vile vile.